Kitufe chekundu charudi Maranello

Julai 1, 2025, kampuni ya Ferrari ilionyesha gari jipya liitwalo Amalfi, jina la mji mmoja wa pwani ya kusini mwa Italia. Lina injini ya silinda nane yenye nguvu za farasi 640, na limekuja kuchukua nafasi ya gari lililojulikana kwa jina la Roma. Ni habari kubwa kwa wapenzi wa mwendo kasi. Hata hivyo, kilichotajwa karibu katika kila taarifa ya siku zile ni kitu kidogo kisichozidi ncha ya kidole gumba: kitufe cha alumini, chekundu, cha duara, kilichowekwa kwenye usukani kwa ajili ya kuwashia injini.

Kitufe cha kuwashia injini kimekuwaje habari? Matatu ya pale stendi yana kitufe. Pikipiki ina kitufe. Hata jenereta ya kinyozi siku hizi ina kitufe. Jibu ni kwamba Ferrari, kampuni ambayo magari yake huuzwa kwa bei ya nyumba kadhaa, ilikuwa imekiondoa. Kwa takriban miaka sita, aliyenunua gari jipya kutoka kiwanda cha Maranello aliliwasha kwa kugusa sehemu bapa, nyeusi, inayong'aa, iliyochorwa mahali palipokuwa na kitufe. Haibonyei, haishuki, hairudi. Mtu anagusa, gari linaitikia, basi.

Wanunuzi hawakuipenda, na walisema hivyo waziwazi. Kampuni imesikia, na kilichofuata kimeufikisha mjadala huu mbali zaidi ya starehe ya matajiri. Swali lililo ndani yake linamhusu kila mtu anayeendesha gari au kupanda gari linaloendeshwa na mwingine: dereva ageuze macho kutoka barabarani kwa sekunde ngapi ili awashe waipa?

Usukani uliobeba kila kitu

Kosa la Ferrari lilianza na wazo zuri. Mwaka 1989 kampuni hiyo iliingiza katika mashindano ya Formula 1 gari lililobadilishwa gia kwa vibao viwili nyuma ya usukani, ili dereva asiondoe mkono. Mwaka 1997 teknolojia hiyo ikaingia katika gari la kawaida la kuuzwa, F355. Mwaka 2004 modeli ya F430 ikaleta swichi ndogo ya kuzungusha kwenye usukani, Waitaliano wanaiita manettino, ambayo humruhusu dereva kuchagua tabia ya gari kulingana na hali ya barabara. Ilipofika modeli ya 458 Italia mwaka 2009, hata indiketa zilikuwa zimehamia kwenye usukani, na ile mikono ya pembeni ambayo madereva wote duniani wameizoea ikatoweka.

Msimamo wa wahandisi wa Maranello ulikuwa mmoja: macho yabaki barabarani, mikono ibaki kwenye usukani. Ni msimamo usio na ubishi. Tatizo likaja mwaka 2019, SF90 Stradale ilipozinduliwa. Gari hilo lilikuwa na kioo cha dijitali cha inchi 16 kilichopinda mbele ya dereva, na usukani wake ulibeba mambo mengi kuliko ilivyowahi kutokea. Kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu na mtindo wa wakati ule ulikuwa simu janja, vitufe vingi vilifanywa kuwa vya kugusa. Manettino ya zamani ilibaki kuwa swichi halisi upande wa kulia. Pacha wake wa kushoto, anayesimamia injini za umeme, akawa mchoro tu chini ya kioo. Utaratibu huohuo ukaendelea katika Roma, kisha 296 GTB ya mwaka 2021, kisha Purosangue ya mwaka 2022.

Katika chumba cha maonyesho ulipendeza. Barabarani, matatizo yalijitokeza mapema. Kidole gumba kinapopita juu ya usukani wakati wa kukata kona, kinagusa kisichokusudiwa: wimbo unabadilika, kioo kinahamia ukurasa mwingine. Uso mweusi unaong'aa hushika alama za vidole na kurudisha mwanga wa jua. Na kubwa kuliko yote, dereva hawezi kujua yuko wapi bila kutazama. Lengo lote la kupeleka vitufe kwenye usukani lilikuwa asitazame chini. Sasa alilazimika kuutazama usukani wenyewe.

Kidole kinajua, macho hayahitajiki

Inafaa kueleza kinachotokea ndani ya vitu hivi viwili, kwa sababu tofauti yao haiko katika mazoea ya wazee na vijana kama wengine wanavyodhani.

Kitufe cha kubonyeza kina springi au kipande cha mpira, na chini yake kuna sehemu mbili za chuma zinazokutana. Kidole kinapokishusha, kwanza kinakutana na ukinzani, halafu kinavuka kizingiti fulani, kunasikika mlio mdogo, na kazi imefanyika. Hatua zote hizo zinafika kwenye ubongo kupitia ngozi. Kabla ya hapo kuna hatua nyingine muhimu zaidi: kidole kinaweza kutulia juu ya kitufe bila kukibonyeza. Kinapapasa, kinahesabu kimoja, viwili, vitatu, kinatambua umbo, ndipo kinashuka.

Skrini ya mguso hufanya kazi kwa njia nyingine. Chini ya kioo kuna tabaka jembamba linalopitisha umeme, lenye chaji ndogo iliyosambaa sawasawa. Mwili wa binadamu nao hupitisha umeme, kwa hiyo kidole kikikaribia, chaji ya mahali pale inabadilika na kompyuta inapiga hesabu ya sehemu iliyoguswa. Ndiyo maana glovu za kawaida huiziba, na matone ya maji huichanganya. Ndiyo maana pia haiwezekani kupapasa: kwa skrini, kupapasa na kuamuru ni tendo lilelile. Watengenezaji wengine huongeza mtetemo mdogo unaokuja baada ya mguso kama ishara ya kwamba amri imepokelewa. Unasaidia kidogo, lakini unamwambia dereva kwamba amegusa kitu, haumwambii amegusa nini.

Kila mtu ana ushahidi wake mwenyewe wa jambo hili. Umeme ukikatika usiku, mwenye nyumba anatembea gizani na mkono wake unaangukia swichi ya ukutani bila kukosea. Mwendesha bodaboda hatazami honi; kidole gumba kimekaa juu yake tangu alipoondoka kijiweni. Mwili una kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo inahitaji kitu kisichohama, chenye umbo.

Mita 1,372

Agosti 2022 jarida la magari la Uswidi, Vi Bilägare, lilifanya jaribio rahisi ambalo limetajwa mara nyingi tangu wakati huo. Walichukua magari kumi na moja ya kisasa na kuyapeleka kwenye uwanja wa ndege, wakaongeza na gari moja kuukuu, Volvo V70 ya mwaka 2005 lenye vitufe vitupu. Kila dereva alipewa muda wa kulizoea gari kabla ya kuanza. Kisha, kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, alitakiwa kufanya mambo manne ya kawaida: kuwasha kipasha-joto cha kiti, kuongeza joto nyuzi mbili na kuondoa ukungu kiooni, kufungua redio na kutafuta stesheni fulani, kurudisha kipima safari kwenye sifuri, na kupunguza mwanga wa dashibodi na kuzima skrini ya katikati.

Volvo lile la miaka kumi na saba lilimaliza yote kwa sekunde kumi. Katika muda huo lilikuwa limesafiri mita 306. BMW iX, gari la umeme la kifahari lenye skrini kubwa iliyopinda, lilichukua sekunde 30.4 na mita 928. Lililoburura mkia, MG Marvel R, lilihitaji sekunde 44.9. Mita 1,372. Huo ni zaidi ya urefu wa viwanja kumi na viwili vya mpira vilivyopangwa mstari mmoja, na dereva muda wote huo ana jicho moja pembeni.

Jaribio lile lilifanyika kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu ya Ulaya. Magari ya Maranello, Stuttgart na Sant'Agata hayajatengenezwa kwa mwendo wa kawaida. Kwenye sehemu za barabara kuu za Ujerumani zisizo na kikomo, gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa linapita zaidi ya mita 55 kila sekunde. Dereva akitazama chini sekunde mbili tu kutafuta mchoro wa feni, amevuka mita 111 bila kuona. Mwongozo uliotolewa mwaka 2013 na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani unashauri kwamba kuitazama skrini mara moja kusizidi sekunde hizo mbili, na jumla ya kutazama kwa kazi moja isizidi sekunde kumi na mbili.

Watafiti wa Uingereza nao, katika kazi ya maabara ya usafiri TRL iliyochapishwa Machi 2020, waliwaweka madereva kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji na kuwataka watumie skrini zinazounganishwa na simu. Waliotumia Apple CarPlay kwa kugusa walichelewa kuitikia hatari kwa asilimia 57. Aliyekunywa pombe hadi kikomo kinachoruhusiwa na sheria ya nchi hiyo huchelewa kwa asilimia 12. Askari wa trafiki ana kifaa cha kupima pumzi. Hana kifaa cha kupima skrini.

Mvua ya Karlsruhe

Mwezi huohuo wa Machi 2020, mahakama ya juu ya jimbo mjini Karlsruhe, kusini-magharibi mwa Ujerumani, ilimaliza shauri la mtu mmoja aliyekuwa akiendesha Tesla katika mvua kubwa. Waipa zilikuwa zikifanya kazi. Alichotaka ni kubadilisha kasi yake, jambo ambalo katika magari mengi hufanywa kwa kusogeza mkono wa pembeni ya usukani hatua moja juu au chini. Katika gari lake marekebisho hayo yalikuwa ndani ya skrini. Akaitazama skrini, gari likatoka barabarani, likagonga miti.

Alijitetea kwamba waipa ni sehemu ya lazima ya gari, hivyo kuzirekebisha hakuwezi kuwa kosa. Mahakama haikukubali. Ilisema skrini ile ni kifaa cha kielektroniki, na sheria inayokataza kushughulika na kifaa cha namna hiyo kwa zaidi ya mtazamo mfupi inahusu pia skrini iliyofungwa na kiwanda, haijalishi inatumika kwa kazi gani. Akatozwa faini ya euro 200 na kunyimwa ruhusa ya kuendesha kwa mwezi mmoja.

Hukumu hiyo inaacha ladha chungu kidogo. Mvua ilikuwa inanyesha, kuona mbele kulimtaka arekebishe waipa, na aliyeziweka waipa ndani ya skrini hakuwa yeye. Lakini sheria humshika aliyeshika usukani, na madereva wa nchi nyingine wanapaswa kulijua hilo.

Kuna kisa kikubwa na cha huzuni zaidi, nacho kilitokea baharini. Alfajiri ya Agosti 21, 2017, manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na Singapore. Mabaharia kumi walikufa. Manowari hiyo iliongozwa kwa skrini za mguso, na wakati wa kuhamisha udhibiti wa kasi kutoka meza moja kwenda nyingine, wafanyakazi walichanganyikiwa wasijue nani anaendesha nini. Waliamini usukani umekufa kumbe umehamishwa. Wachunguzi wa ajali za usafiri wa Marekani walieleza kwamba mafunzo yalikuwa duni na kwamba muundo wa mfumo ule uliongeza uwezekano wa kukosea. Mwaka 2019 jeshi hilo la majini lilitangaza kwamba litarudisha mikono ya kawaida ya kudhibiti kasi katika meli za aina hiyo. Mkono wa chuma ukisukumwa mbele, kila aliye katika chumba anauona ulipo.

Kwa nini basi waliziweka?

Skrini ya mguso ndani ya gari ni ya zamani kuliko wengi wanavyofikiri. Kampuni ya Buick ya Marekani iliiweka katika modeli ya Riviera mwaka 1986, miaka ishirini na moja kabla ya simu ya iPhone. Wateja walilalamika kwamba kubadili joto kunawalazimu kuacha kutazama barabara, na kufikia mwaka 1990 ilikuwa imeondolewa. Malalamiko yale ya mwaka 1986 yakisomwa leo, mtu angedhani yameandikwa juzi.

Kilichobadilisha hali ni Tesla Model S ya mwaka 2012, yenye skrini ya inchi 17 iliyosimama katikati ya dashibodi kama dirisha. Magari mengine yote yakaonekana ya kizamani siku ile. Kampuni shindani zikakimbilia kuiga, na wahasibu wao wakafurahi zaidi kuliko wabunifu. Kila kitufe halisi kinahitaji kalibu yake kiwandani, nyaya zake, majaribio yake ya joto na baridi, na mtu wa kukifunga. Kitufe cha kuchorwa kinahitaji mistari ya programu. Gari likitoka likiwa na kasoro, programu hurekebishwa hewani. Kitufe kilichosahaulika hakiwezi kutumwa kwa intaneti. Tena skrini ingekuwapo tu, kwa kuwa tangu Mei 2018 sheria ya Marekani inataka kila gari dogo jipya liwe na kamera ya nyuma, na kamera inahitaji mahali pa kuonyesha picha. Ikishakuwapo, kishawishi cha kuijaza kila kitu ni kikubwa.

Hapo ndipo palipo na kichekesho cha habari hii yote. Kioo cheusi kilichouzwa kama alama ya anasa kilikuwa, kwa sehemu kubwa, njia ya kubana matumizi. Mwenye gari la bei ya juu kabisa akajikuta akigusa kitu kilekile anachogusa mwenye gari la kawaida, na pengine kilekile alichonacho jikoni kwenye jiko la umeme.

Kampuni chache zilikataa tangu mwanzo. Bugatti Chiron ya mwaka 2016 haikuwa na skrini katikati, kwa makusudi: waliolibuni waliona kwamba gari litakaloonyeshwa miaka hamsini ijayo lisiwe na kitu kinachotaja umri wake kama simu ya zamani inavyotaja. Mrithi wake, Tourbillon, aliyetangazwa Juni 2024, amekwenda mbali zaidi. Mishale yake ya mwendo imetengenezwa pamoja na mafundi wa saa wa Uswisi, ina vipande zaidi ya mia sita, na ndani yake mna titani, yakuti na rubi. Skrini ipo, ila imefichwa ndani ya dashibodi na hutoka ikiitwa. Yatatengenezwa magari 250 tu, na bei inaanzia euro milioni 3.8. Horacio Pagani, Muargentina aliyejenga kiwanda chake si mbali na Maranello, alipotoa Utopia mwaka 2022 aliweka mishale, swichi na vitufe vya chuma vilivyochongwa kimoja kimoja, na kioo kidogo kimoja cha dijitali mbele ya dereva.

Ushahidi mwingine ulikuwa wazi muda wote, na inashangaza kwamba haukusikilizwa mapema. Usukani wa gari la Formula 1 umejaa vitufe na swichi za kuzungusha za rangi mbalimbali, vimetenganishwa na kukingwa ili visibonyezwe kwa bahati mbaya. Dereva amevaa glovu, gari linatetemeka, na uamuzi hufanyika ndani ya sehemu ya sekunde. Ferrari yenyewe, iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 2023, 2024 na 2025, iliwapa madereva wake wa mbio vitufe vya kubonyeza katika miaka ileile ambayo wateja wake walipewa vya kugusa.

Si kwamba vitufe ni vitakatifu. Porsche Panamera ya kwanza, ya mwaka 2009, ilikuwa na vitufe vingi hivi kwamba sehemu ya katikati ilifanana na kikokotoo, na kumtafuta wa kupoza kiti kati ya wote hao ilikuwa kazi. Kwa ramani, kwa kuchagua wimbo kati ya maelfu, kwa mipangilio ambayo mtu huigusa mara moja kwa mwaka gari likiwa limeegeshwa, skrini haina mpinzani. Ugomvi ni juu ya mambo machache yanayofanywa gari likiwa mwendoni: waipa, taa, honi, sauti, joto, ukungu.

Njia ya kurudi

Ferrari ilianza kurudi kimyakimya kabla ya Amalfi. Gari lake la F80, lililotangazwa Oktoba 2024 na kupangiwa kutengenezwa 799 pekee, lilikuwa na vitufe halisi kwenye usukani. Baada ya Amalfi ikafuata 849 Testarossa, Septemba 2025, nayo vilevile. Mtu anayeiongoza kampuni katika kugeuka huku, Benedetto Vigna, hakutoka katika ulimwengu wa magari. Ni mwanafizikia aliyefanya kazi miaka mingi kwa mtengenezaji wa vipuri vya kielektroniki STMicroelectronics, na vihisi mwendo alivyosaidia kubuni viliingia ndani ya simu na michezo ya video. Hakuna wa kumwambia kwamba haielewi dijitali.

Februari 2026 kampuni hiyo ilionyesha sehemu ya ndani ya gari lake la kwanza la umeme, lililopewa jina la Luce, yaani mwanga. Waliolibuni ni kampuni ya LoveFrom ya Jony Ive na Marc Newson. Ive ndiye aliyeongoza ubunifu wa iPhone, simu iliyoifundisha dunia nzima kugusa kioo. Ndani ya Luce ameweka usukani mwembamba wa alumini unaokumbusha miaka ya 1950 na 1960, na swichi za kubonyeza, kuzungusha na kusukuma kwa kazi za msingi. Maelezo yake ni kwamba skrini ya mguso ilibuniwa kutatua tatizo la kifaa kimoja kinachotakiwa kuwa kikokotoo, kamera na mashine ya kuandikia kwa wakati mmoja. Gari halina tatizo hilo.

Magari ya watu wa kawaida yanaelekea hukohuko. Volkswagen, iliyoadhibiwa na wateja kwa Golf ya kizazi cha nane iliyokuwa na vibao vya mguso visivyo na taa, imeahidi kupitia mkuu wake wa ubunifu Andreas Mindt kwamba modeli zijazo zitakuwa na vitufe halisi kwa kazi tano muhimu. Mercedes-Benz imerudisha vigurudumu vya sauti kwenye usukani wa baadhi ya modeli mpya. Na tangu mwaka 2026, shirika la Ulaya la kupima usalama wa magari, Euro NCAP, linadai indiketa, taa za tahadhari, honi, waipa na kitufe cha kuomba msaada viwe na vidhibiti halisi ili gari lisipoteze alama zinazoelekea kwenye nyota tano. Hiyo si sheria ya nchi, lakini hakuna mtengenezaji anayependa kuuza gari la nyota nne.

Huku kwetu, Ferrari barabarani ni kitu cha kupigwa picha. Ila magari yaliyotengenezwa katika miaka ya mapenzi makubwa na skrini ndiyo yanayoshushwa sasa bandarini. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, maana yake kwa mwaka 2026 yanaingia ya kuanzia 2019, mwaka uleule wa SF90 na wa Golf ya nane. Uganda inaruhusu hadi miaka kumi na mitano, kwa hiyo huko vitufe vitaendelea kupatikana kwa muda. Mengi yanatoka Japani, na wanunuzi wa Mombasa na Dar es Salaam wanalijua tatizo la skrini inayowasalimu kwa Kijapani na kugoma lugha nyingine. Redio ikiwa Kijapani mtu anavumilia. Kiondoa ukungu kikiwa ndani ya menyu hiyohiyo, na mvua ya Aprili ikinyesha kwenye mteremko wa Kericho, ni jambo jingine.

Liko pia suala la mkono. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara, dereva akiwa ameketi kulia, kwa hiyo skrini ya katikati inaguswa kwa mkono wa kushoto, ambao kwa watu wengi ndio mzito. Rwanda, Burundi na Congo huendesha upande wa kulia, na kwa gari lenye usukani wa kushoto kazi hiyo inafanywa na mkono wa kulia. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Kigali linabadili upande wa barabara pale Rusumo. Dereva habadili mkono.

Kwa anayekwenda yadi kununua, kipimo hakihitaji fundi wala mashine. Aketi kwenye kiti cha dereva injini ikiwa imezimwa lakini umeme umewashwa, aambiwe mara moja vilipo vidhibiti, kisha afumbe macho na kujaribu kuwasha waipa, kupunguza sauti, kuelekeza hewa kwenye kioo cha mbele na kuwasha taa za tahadhari. Asipofaulu baada ya majaribio matatu, amwulize muuzaji kama kuna modeli ya mwaka wa nyuma yake. Mara nyingi ipo, na mara nyingi ni nafuu.